Wakuu naombeni ushauri: kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya Hilux imekufa, ninunue iliyotumika kutoka Dar?

Mtandahimba (mleta mada)
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri wa haraka, usingizi sipati. Nina pikapu Hilux Vigo ya dizeli, injini 2KD. Ndiyo inayotulisha nyumbani. Mwezi wa 10 minada ya korosho ikifunguliwa nabeba magunia toka kwa wakulima hadi ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), msimu ukiisha nabeba muhogo na chochote kinachopatikana.

Sasa wiki ya tatu inazimika njiani. Taa ya cheki injini inawaka, mshale wa mizunguko unaanguka ghafla hadi sifuri, kimya. Ukiiacha ipoe dakika kumi na tano inawaka kama haikuwa na kitu. Juzi imenilaza karibu na Nanyamba na abiria wawili na mbuzi watatu.

Nimeshabadilisha plagi, filta ya dizeli na sensa ya krenki. Fundi akaleta mashine ya kupima, ikasoma P0606 na kodi (namba za hitilafu) nyingine tatu. Kasema kontroli boksi imekufa. Swali langu ni moja tu: iliyotumika inafaa, au nitafute mpya? Wenye ujuzi tafadhali.

Kijana wa Shangani
Pole mkuu. Uza ununue bodaboda mbili, hazina kompyuta.

Mama Nachingwea
Pole mwanangu. Marehemu baba yetu alikuwa na Land Rover ya zamani, Nachingwea hadi Lindi anapakia karanga na ufuta, masika na kiangazi. Ikigoma anafungua boneti, anapuliza bomba la mafuta kwa mdomo, anatema, tunaondoka. Mdogo wangu alikuwa anapewa kazi ya kushika tochi na akisinzia anachapwa. Hayo magari ya sasa yana akili nyingi kuliko dereva. Swali lako silijui, ila nimekuombea.

Fundi Waya
Mkuu, weka hela mfukoni kwanza. P0606 maana yake ubongo umejipima wenyewe ukajiona una hitilafu. Lakini ubongo ukikosa umeme safi unaropoka pia. Na kodi kuja nne kwa mpigo siyo lazima vitu vinne vimekufa. Sensa nyingi zinapewa volti 5 na boksi hiyohiyo, waya mmoja ukigusa bodi ya gari, sensa zote zinaanguka pamoja.

Nijibu: siku moja au mbili kabla haijaanza kuzimika, gari ilifanyiwa nini? Ilipita maji? Iliboostiwa betri? Ilichomelewa? Iliwekwa redio?

Mtandahimba
Hakuna kilichofanyika mkuu, gari naitunza sana. Nasubiri jibu la iliyotumika au mpya.

Mzee wa Mikindani
Sisi wa pwani adui yetu ni chumvi. Nilikuwa na Pajero ya miaka ya 90. Kufungua boksi, vile vimtungi vidogo vya kuhifadhi umeme vimevuja maji yake, vimekula njia za shaba hadi bodi imekuwa nyeusi. Kijana mmoja wa kutengeneza redio pale mjini aliving'oa akaweka vipya, gari ikatembea miaka mingine minne. Kwa hiyo mdogo wangu, kabla ya kununua fungua uangalie ndani. Hata kunusa tu, iliyoungua inanuka.

Binti Mnolela
Kaka mleta mada, Fundi Waya amekuuliza maswali manne ukajibu "hakuna" kwa yote. Hata mimi nisiyejua gari nimeona umekwepa.

Mtandahimba
Sawa. Niseme ukweli maana nimekuja kutafuta msaada.

Tulichomelea. Niliongeza vyuma vya pembeni vya kuzuia magunia, maandalizi ya msimu. Mchomeleaji ni jirani yangu, mimi mwenyewe ndiye niliyeshika kibano cha ethi (waya wa kurudisha umeme), tukakibana kwenye bampa la nyuma. Betri hatukuitoa. Ila wakuu, gari iliwaka vizuri baada ya hapo, nikaenda nayo Kitangari na kurudi. Imeanza kuzimika kesho yake. Kama ni kuchomelea ingekufa palepale, kwa hiyo naona siyo hiyo.

Na jambo lingine: nimeshatuma laki tatu ya kutanguliza. Boksi ni laki sita na nusu. Muuzaji anasema imetoka kwenye gari iliyopata ajali, nzima kabisa, anaipakia kwenye basi.

Mama Nachingwea
Laki tatu umetuma kwa mtu hujamwona? Mwanangu!

Nahodha Mstaafu
Hiyo hela ni yako au ya nyumbani? Mke anajua?

Mtandahimba
Ni ya kikoba cha mke wangu. Anajua, ila anajua ni ya tairi.

Nahodha Mstaafu
Basi kabla ya kontroli boksi, tengeneza hilo. Gari itapona, lakini mke akisikia kwa wenzake siku ya kugawana utalala kwenye hiyo pikapu. Nasema kwa uchungu, mimi ilinikuta na injini ya boti.

Mpima Chai
Wakuu mnapoteza muda. Hii ni chai, stori ya kutunga. 2KD ni dizeli, dizeli haina plagi, inawasha kwa mgandamizo. Mleta mada kaandika kabisa "nimebadilisha plagi". Mwenye Hilux ya dizeli hawezi kuandika hivyo. Ngojeni, sasa hivi atatokea "msamaria" mwenye boksi za kuuza na namba ya simu. Michezo hii tumeishi nayo.

Kijana wa Shangani
Eh! Na mbuzi watatu nilijua tu wameongezwa nazi.

Binti Mnolela
Mleta mada weka picha ya gari.

Mtandahimba
Nimeumia kweli. Simu yangu kamera imepasuka. Plagi ninazosema ni hita plagi, zile nne za kupasha chemba asubuhi, huku kwetu kila fundi anaziita plagi. Sina cha kumuuzia mtu.

Leo nimeshusha droo ya dashibodi upande wa abiria, boksi iko nyuma yake. Nimekuta poda ya njano imejaa kwenye kona zote. Ni salfa, ile dawa ya mikorosho. Mwezi wa 6 na wa 7 nilipeleka mifuko ya salfa mashambani, mifuko mingine iliyopasuka niliiweka mbele nikaogopa upepo. Pini mbili za soketi zimekuwa nyeusi kama masizi. Nani angetunga hilo?

Fundi Waya
Mpima Chai, mwache. Salfa nyuma ya droo hiyo hatungi mtu wa Dar. Na salfa inachafua shaba kweli, inaifanya nyeusi.

Mkuu sikiliza. Boksi kutokufa palepale hakukutoi kwenye lawama. Umeme wa kuchomelea unatafuta njia ya kurudi kwenye kibano. Mmebana bampa, huku mnachomelea karibu na kabini, umepita popote ulipoona chuma na waya wa ethi. Boksi inaweza kujeruhiwa ikaja kusumbua ikipata joto. Ila inawezekana pia mmeharibu ethi tu. Pima hivi: gari ikiunguruma, taa na feni vikiwa vimewaka, weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa ethi wa boksi. Ikisoma chini ya 0.1 iko salama. Ikikaribia nusu volti, tatizo lako ni la msasa, siyo la laki sita.

Na usisahau EDU, kile kiboksi kingine kinachosukuma injekta. Watu wengi wanazika kontroli boksi nzima, mgonjwa ni yule wa pembeni.

Mtandahimba
Wakuu nimerudi, ni siku ya pili. Nimeazima mita kwa kijana wa sola. Imesoma 0.9.

Nimefuata waya wa ethi hadi chesisi. Baada ya kuchomelea tulipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na ile bolti ya ethi tuliifungua kupisha chuma, tukaifunga juu ya rangi mbichi. Nimeparuza hadi chuma cheupe, nimesafisha na zile pini mbili kwa mswaki na spiriti. Sasa inasoma 0.04. Jana nimeenda Newala na kurudi, haijazimika. Cheki injini tumeifuta, haijarudi.

Mke nimemwambia. Hajanijibu kitu, kapika tu.

Sasa boksi imefika stendi na muuzaji anasema hela hairudi, nimalizie laki tatu na nusu. Mimi naona niichukue iwe akiba. Msimu ni mrefu, ikinigomea mwezi wa 11 na magunia mgongoni nitalia na nani?

Mzee wa Mikindani
Akiba ya kitu usichokijua ni mzigo, mdogo wangu.

Fundi Waya
Kama ukiichukua, usiichomeke hivihivi. Gari yako kama ina imobilaiza (kinga ya wizi inayotambua ufunguo), boksi ya kigeni haiujui ufunguo wako, starta itapiga na haitawaka. Lazima mtu ahamishe kumbukumbu ya boksi yako aiweke kwenye hiyo. Na namba ya sehemu ifanane yote na ya kwako. Za Toyota zinaanza na 89661, ila usiridhike na mwanzo tu, soma hadi mwisho. Ukiwa stendi ifungue kabla ya kulipa.

Mtandahimba
Nipo stendi sasa. Nimeomba niifungue, kondakta kanikubalia. Boksi imefungwa kwa gazeti na nailoni. Stika imekwanguliwa, inasomeka 896 na alama ya mstari, basi. Soketi moja ina alama ya bisibisi pembeni. Muuzaji yuko kwenye simu ananiambia nilipe haraka kuna mteja mwingine.

Binti Mnolela
Namba haisomeki? Kaka, irudishe kwenye basi.

Mtandahimba
Na laki tatu ya mke wangu?

Nahodha Mstaafu
Hiyo uliipoteza siku uliyoituma. Usiifuate na nyingine.

Mtandahimba
Nimemrudishia kondakta. Narudi nyumbani.