Chuo kikuu kinaomba kushirikiana na zahanati yetu: tudai nini kabla ya kutia sahihi?

Mjumbe wa Kamati
Wanajukwaa, hamjambo. Mimi ni mjumbe wa kamati ya zahanati ya kijijini, huku Bonde la Ufa, ambako mama mjamzito hutembea saa mbili kufika kliniki. Chuo kikuu kimoja kinataka kutuletea wanafunzi wa udaktari na uuguzi kila mwaka. Ninatamani sana waje, ila mradi wa utafiti uliotangulia ulipima watu presha kwa miezi 8, ukajaza madaftari, kisha ukaondoka bila kutusomea matokeo, na wazee waliokutwa na presha ya juu wakabaki bila dawa. Tudai nini safari hii?

Mhitimu wa Moi
Poleni, ndugu mjumbe. Chuo Kikuu cha Moi, nilikosomea, kimekuwa kikipeleka wanafunzi wa udaktari vijijini kupitia mpango wa COBES, yaani mafunzo na huduma ndani ya jamii, tangu mafunzo ya udaktari yaanze chuoni hapo mwaka 1990. Mwanafunzi hukaa wiki chache, akaondoka mara tu anapoanza kuzijua nyumba za watu. Kwa hiyo ulizeni likizo ikifika ni nani atakayewafuatilia wagonjwa, na mdai mhadhiri mmoja atakayewajibika mwaka mzima.

Muuguzi Mstaafu
Naafiki, lakini jambo la dawa ni zito zaidi. Chuo hakina wajibu wa kujaza rafu za zahanati. Wajibu huo ni wa kaunti. Msikubali ugonjwa wowote upimwe kabla afisa wa afya wa kaunti hajatia sahihi pamoja nanyi kwamba dawa zake zitakuwapo. Kuhusu madaftari, someni habari za kituo cha afya cha Mosoriot, ambako mwaka 2001 Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianzisha kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta: zilitumika palepale kituoni, kumhudumia mgonjwa yuleyule aliyeandikwa.

Mhudumu wa Afya ya Jamii
Mheshimiwa mjumbe, msitusahau sisi. Wanafunzi huingia nyumba kwa nyumba wakituandama nyuma, kwa kuwa ni sisi tunaofunguliwa mlango, ilhali posho yetu ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka kaunti na nusu kutoka serikali kuu. Siku za kuwatembeza zilipwe, na kiasi kiandikwe.

Mjumbe wa Kamati
Asanteni sana. Kesho nitampelekea mwenyekiti maneno haya, na afisa wa kaunti ataalikwa kabla ya chuo. Dada mhudumu, ungeona siku moja ya kuwatembeza ilipwe kiasi gani?