Mkaguzi amegonga tangi la dizeli kwa ufunguo wa gari, akatia sahihi, akaondoka!

Ndugu wadau, ninaandika vumbi la gari lake likiwa bado halijatulia. Jina lake silitaji, kwa kuwa kila aliyewahi kutunza ghala la mafuta anamjua: ni yule yule anayefika na fomu iliyokwisha kujazwa, imebaki nafasi ya sahihi tu.

Ameligonga kwa ufunguo wa gari! Nilimpeleka mahali ambapo bati la chini kabisa la ukuta linakutana na sakafu, pale rangi ilipotoa malengelenge, kutu inabanduka kwa ukucha, na udongo wa pembeni umekuwa mweusi unaonuka dizeli. Hakuinama. Aligonga mara mbili usawa wa kifua chake, kama mnunuzi anayetaka kujua iwapo tikiti limeiva, akasikiliza, akaniambia, "Dada, chuma hiki kitatuzika sote." Kisha akaandika "hali nzuri".

Usawa wa kifua, wadau! Kutu inayoua tangi hula sakafu kutoka chini, kwenye udongo wenye unyevu, na kutoka ndani, ambako maji hutuama chini ya dizeli kwa sababu ni mazito kuliko dizeli. Ndiyo maana kuna kipima unene cha mawimbi ya sauti, kinachowekwa upande mmoja wa bati kikaeleza zimebaki milimita ngapi. Na ndiyo maana tangi humwagwa, huondolewa mvuke na kusafishwa, ili sakafu ipitishiwe mashine ya sumaku inayofichua mashimo ya upande usioonekana. Kiwango cha API 653, kanuni za Marekani za kukagua matangi ya mafuta, hakitaki bati la sakafu lishuke chini ya milimita 2.54 kabla ya ukaguzi wa ndani unaofuata, ikiwa chini yake hakuna kitu cha kudaka mvujo. Ufunguo unasoma milimita ngapi?

Tarehe 2 Januari 1988, huko Floreffe, Pennsylvania, tangi la dizeli lililojengwa upya kwa mabati ya zamani lilipasuka likijazwa, na mafuta yakafika Mto Monongahela. Ufa ulianzia kwenye kasoro ndogo karibu na kiungo cha weldi. Mimi ninaonyesha kutu inayoonekana hata na mpita njia, mtu ananigongea ufunguo!

Mchomeleaji: Kwetu hakushuka hata garini. Aliteremsha kioo, akauliza kama lipo tangi linalovuja, tukamjibu kwamba hatujui, akaandika kwamba hakuna.

MzeeWaDipu: Mleta mada, unamlaumu mgeni wa nusu saa, ilhali wewe ndiye unayeamka na tangi hilo. Mkaguzi mwenye cheti huja kwa nadra, hata baada ya miaka 5. Ukaguzi wa kila mwezi, wa kulizunguka tangi na kutazama viungo, msingi na bomba la kupumulia, ni wa mwenye tangi. Udongo hauwi mweusi kwa usiku mmoja. Ulipiga dipu, yaani kupima kina cha mafuta kwa fimbo, ukalinganisha na hesabu ya mafuta yaliyoingia na kutoka?

Mleta mada: Nilipiga na daftari ninalo. Kila nikionyesha upungufu ninaambiwa kwamba dizeli hunywea kukiwa na baridi, jambo ambalo ni kweli, lakini baridi haifanyi udongo unuke. Nilimngoja mtu mwenye kipimo, akaja mwenye ufunguo!

DerevaMasafa: Kwa kuwa dipu limetajwa, nijibiwe: kwa nini mafuta yakipungua, wa kwanza kushukiwa ni dereva? Nimekatwa mshahara kwa dizeli ambayo baadaye ilikutwa chini ya tangi lao wenyewe, sakafu ilipofunuliwa, na hakuna aliyenirudishia hata senti.

MtunzaStoo: Dereva, usijisafishe. Ninyi ndio mnaofungua valvu ya ukuta wa kinga ili maji ya mvua yatoke msilowe viatu, kisha mnaondoka mkiiacha wazi. Ukuta ule hujengwa uweze kubeba mafuta yote ya tangi kubwa kuliko mengine yaliyomo ndani yake, pamoja na ziada ya mvua; valvu ikiwa wazi, tangi likipasuka mafuta yanakwenda moja kwa moja mtaroni.

DerevaMasafa: Valvu hiyo hutiwa kufuli, na kufuli ni la stoo. Sisi tunafunguaje?

MtunzaStoo: Kufuli lilikutwa limekatwa, na lori lililokuwa uani usiku ule lilikuwa moja tu.

Mchomeleaji: Hata mabomba ya kupumulia ninayakuta yamezibwa kwa matambara, eti wadudu wasiingie. Tangi likinyonywa mafuta huku limezibwa, linabonyea ndani. Madereva au stoo, nani anaziba?

MtunzaStoo: Madereva.

DerevaMasafa: Tambara linatoka stoo! Na nani alikuwa zamu usiku ule wa mvua? Andika hapa, kila mtu asome.