Ijumaa tena Dar

*Kikundi cha familia, Kihonda, Morogoro. Jumanne usiku*

*Zuhura:* Shikamooni wote. Wale watu wa Dar wamepiga tena, wanataka niende Ijumaa saa 3 asubuhi

*Mama:* Marahaba mwanangu. Alhamdulillah!! Ndo umepata?

*Zuhura:* Hapana mama. Ni intavyuu ingine. Ya 5

*Shangazi:* Ya tano?? Si ulisema ile ya mwezi uliopita ndo ya mwisho

*Zuhura:* Na wao ndo walivyoniambia shangazi. Ngoja niwaelezee yote maana nimechoka kusema nusunusu. Maombi nilituma mwezi wa 3 wakakaa kimyaaa mpaka nikasahau, mwezi wa 5 dada wa HR akanipigia tukaongea kama dakika 20 akasema njoo mtihani, nikaenda tuko kama 40 nafasi moja ya mhasibu msaidizi, nikapita. Nikaitwa kwenye paneli, watu 4, nikapita. Halafu wakanitumia mafaili ya stoo ya miezi 6 nikae nyumbani nipige hesabu niseme hasara inatokea wapi, nimekesha siku 3 na ile laptop ya Juma ambayo ukigusa waya inazima. Siku ya kuwasilisha nimeitwa saa 3 meneja kaingia saa 8 mchana, anashika karatasi zangu bado zimebanwa na stepla vilevile, hajafunua hata ukurasa mmoja, ananiambia hebu nieleze kwa kifupi ulifanya nini

*Mama:* Ee Mungu wangu

*Juma:* Hii ya stepla hukuniambia dada

*Zuhura:* Niliona aibu. Na akaniuliza umeolewa, una mpango wa kuzaa karibuni?

*Bamdogo:* Hapo hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mtu kwa ndoa au ujauzito, na mwombaji kazi naye yumo, sio mpaka uajiriwe

*Zuhura:* Bamdogo pale ndani unaijua sheria lakini unajibu tu kwa upole maana unataka kazi

*Baba:* Mwanangu kazi haipatikani kwa siku moja. Umeshafika mbali, ukiacha sasa utajuta. Nenda.

*Juma:* Baba nauli ya treni ni 13,000 kwenda na 13,000 kurudi, kaenda mara 3 hiyo ni 78,000 hujaweka bodaboda, chakula, na wakili wa kugonga muhuri vyeti. Mimi usaili wa serikali nilikosa lakini matokeo yaliwekwa, nikaona alama zangu, nikalala. Huyu hajui hata anaendeleaje

*Baba:* Sisi kiwanda cha turubai miaka ya 80 niliitwa asubuhi, jioni nikapewa ovaroli. Sielewi hizi safari zote ni za nini ila nasema avumilie

*Shangazi:* Kaka amevumilia tangu mwezi wa 3 na sasa ni wa 8! Mtoto simu ikilia anaruka, juzi kaacha maharage yameungua anakimbilia simu kumbe ni watu wa mtandao wanauza bando

*Zuhura:* Kunikataa sio shida, wangenikataa mwezi wa 5 ningelia siku mbili nikaendelea. Kinachoniumiza ni hii tutakupigia tutakupigia, kuna dukani kwa mama mmoja Msamvu nilitakiwa kuanza kushika vitabu mwezi wa 6 nikakataa kwa sababu ya hawa

*Bamdogo:* Kesho kabla ya kukata tiketi wapigie. Uliza Ijumaa ni ya nini, na jibu lini

*Zuhura:* Sawa bamdogo

*Jumatano, saa 5 asubuhi*

*Mama:* Zuu umepiga?

*Zuhura:* Nimepiga. Anasema ni utaratibu tu, mkurugenzi anataka kuwaona wote waliobaki, tuko 6. Nauli najitegemea. Nimeuliza tufanye kwa simu ya video kasema mkurugenzi hapendi. Majibu lini, tutakupigia

*Mama:* Loh

*Zuhura:* Nikamwambia basi Ijumaa naomba nirudishiwe zile hesabu zangu za stoo. Kaniweka kama dakika 5 akarudi anasema hazionekani

*Mama:* Hazionekani??

*Zuhura:* Ndo alivyosema

*Baba:* Usiende.

*Baba:* Huyo mama wa Msamvu namba yake bado unayo?