Ruta imeuzwa kwa jina la chipu ya usimbaji fiche, draiva (programu ya kuiendesha chipu) hakuna. Tutaliwa hivi hadi lini?

Wadau wa mitandao hapa Pwani, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sina haja ya kuificha.

Kuna ofisi ya uwakala wa forodha kule Shimanzi, mtandao wao nauangalia mimi. Kutwa nzima wanaskani hati na kuwapelekea wenzao Nairobi: ankara, hati za shehena, nakala za vitambulisho na PIN za kodi za wenye mizigo. Yote hayo yanapita ndani ya handaki la IPsec, njia ya siri kati ya ofisi mbili kupitia intaneti, linalotumia AES, yaani kanuni ya kusimba data. Walinunua ruta ghali kuliko walivyokusudia kwa sababu boksi limeandikwa kwamba ndani mna injini maalumu ya kusimba data, prosesa isihangaike. Na mwanzoni ilikuwa kweli. Laini yao ni ya megabiti 100 na handaki lilikuwa linakaribia hapo.

Halafu mtengenezaji akatoa toleo jipya la mfumo, la kuziba matundu ya usalama. Nikaliweka, maana ndiyo kazi yangu. Asubuhi yake simu: "Fundi, hati hazitoki! Meli iko gatini na sisi tunatazama kiduara kinazunguka tu!"

Nikaingia ndani ya ruta. Amri ya top inaonyesha ksoftirqd, kazi ya mfumo inayoshughulikia pakiti za mtandao, imekalia kiini kimoja cha prosesa asilimia 100. Nikafungua /proc/crypto, orodha ya njia za kusimba ambazo mfumo unazo, kila mstari wa AES draiva yake ni aes-generic, kipaumbele 100, yaani hesabu yote inapigwa na prosesa yenyewe. Nikaenda /proc/interrupts, panapohesabiwa kila mara kifaa kinapoiita prosesa, kuitafuta injini: haimo, hata jina lake halimo. Megabiti 30 zinapita kwa shida. Maelezo ya toleo hilo nimeyasoma mstari kwa mstari na hakuna neno hata moja kuhusu kuondolewa kwa draiva. Hapo ndipo waliponiudhi kabisa.

Kwa wasioifahamu hii kazi: ruta hii inaendeshwa na Linux, na IPsec ya Linux iko ndani ya kerneli, yaani moyo wa mfumo, na kerneli ikiona njia mbili za kufanya AES huchukua ile yenye kipaumbele kikubwa. Draiva ikiwepo, fundi hana cha kuongeza. Na tusichanganye na AES-NI ya Intel, iliyoingia sokoni mwaka 2010 na prosesa za Westmere. Ile ni maagizo ndani ya prosesa, programu yoyote inaweza kuyaita. Injini ya pembeni kama hii ya ruta ina rejista zake na foleni zake, na bila draiva mfumo haujui kama ipo duniani.

Nikawarudia dukani. Kijana wa pale ananiambia, "Bro, chip iko, fungua uone." Sijakataa kwamba iko! Kisha wakanitumia picha ya skrini ya openssl speed, amri ya kupima kasi ya kusimba, tarakimu nono kweli kweli. Jaribio lenyewe limefanywa kwenye toleo la zamani, tena bila -elapsed, chaguo la kupima kwa muda halisi wa saa. Anayezijua injini hizi anajua kwamba bila hiyo -elapsed programu inahesabu muda wa prosesa peke yake, na prosesa wakati huo imekaa kuisubiri chipu, basi kasi inatoka maradufu ya ile ya kweli. Picha kama hiyo humwonyeshi mteja.

Mtengenezaji naye akajibu kwamba moduli ya injini, yaani hiyo draiva yenyewe, "bado haijahamishiwa kerneli mpya". Moduli hiyo ni faili lililofungwa, bila msimbo wake, na lilijengwa kwa kerneli 4.4. Nilijaribu kuipakia kwenye toleo jipya, jibu likawa invalid module format. Na 4.4 wasimamizi wa kerneli waliacha kuitolea viraka rasmi Februari 2022. Kwa hiyo kifaa kilichonunuliwa kwa ajili ya usalama kinanitaka nichague: kasi kwenye mfumo wenye matundu, au mfumo uliozibwa unaotambaa. Nimchagulie nini mteja?

Bosi wa ofisi kaniuliza kama siwezi "kuzima hayo mambo ya fiche" ili kazi iende. Simlaumu, mizigo inakaa bandarini na gharama zinapanda. Lakini zile ni nakala za vitambulisho vya watu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imeutaja usimbaji fiche waziwazi kati ya hatua za kulinda data binafsi. Sizimi.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Mwaka 2006 Theo de Raadt, kiongozi wa mfumo huria wa OpenBSD, aligombana hadharani na Hifn, watengenezaji wa chipu za usimbaji, kwa sababu walitaka mtu ajiandikishe kwao kwanza ndipo asome nyaraka za chipu. Chukua pia MT7621, chipu kuu ya MediaTek iliyojaa kwenye ruta za bei nafuu. Ndani yake mna injini ya EIP-93, na miaka yote hiyo draiva ilikuwa nje ya kerneli rasmi, watu wakihangaika na viraka vya kujitolea, hadi 2025 ndipo ikaingia. Hao wa kujitolea Mungu awabariki. Aliyechukua pesa kwa ajili ya injini ndiye aliyepaswa kuiandikia draiva.

Najua kuna atakayesema "weka WireGuard", handaki la aina nyingine. Naipenda, imo kwenye kerneli tangu 5.6 ya mwaka 2020, na ChaCha20, kanuni yake ya kusimba, inakwenda vizuri bila chipu yoyote. Lakini upande wa Nairobi kifaa si changu, kinajua IPsec tu. Na wanaouza kwa kusema "ARM (aina ya prosesa) yoyote ya biti 64 ina maagizo ya AES" waache uongo: Raspberry Pi 4 ni ya biti 64 na maagizo hayo haina, yamekuja na Pi 5.

Ninachotaka ni kidogo. Anayeandika "usimbaji wa maunzi" kwenye boksi aandike pia draiva iko kwenye kerneli ipi, ni ya wazi au ya kufungwa, na itatunzwa hadi mwaka gani. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kudai bidhaa ina uwezo isiokuwa nao, na barua ya kuwakumbusha nimeshaiandika. Ruta inarudi dukani wiki hii pamoja na nakala iliyochapishwa ya /proc/crypto.

Mwenye ruta ambayo injini yake inafanya kazi kweli kwenye kerneli ya sasa, naomba aweke hapa modeli, toleo, na mistari ya /proc/interrupts tarakimu zikiwa zinapanda. Picha za boksi sizitaki.