Msiniambie tena kwamba Bobby Orr aliikimbia Boston kwa tamaa ya fedha

Wanajamvi, salaam.

Naandika nikiwa na hasira, na naomba radhi mapema kwa urefu wa uzi huu. Wiki iliyopita, katika mjadala wa wachezaji waliozitosa timu zilizowalea, ndugu mmoja alimtia Bobby Orr, yule beki wa magongo ya barafuni aliyelelewa na timu ya Boston Bruins, katika orodha yake na kuandika kwamba huyo naye "alifuata pesa Chicago, magoti yakamuumbua". Watu wakamuunga mkono mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyeuliza pesa gani. Mimi naishi Lowell, Massachusetts, na kila siku ya kazi treni hunishusha kituo cha North Station jijini Boston, pale ulipo ukumbi wa TD Garden wanapocheza Bruins. Nje ya ukumbi huo imesimikwa, tangu mwaka 2010, sanamu ya shaba ya huyo anayeitwa mwenye tamaa: mwili umelala hewani kama wa mtu anayejitosa baharini, mikono imenyooka mbele, gongo liko mkononi, kinywa kimefunguka kwa furaha. Siwezi kuipita sanamu hiyo kila asubuhi kisha jioni nikaja kusoma upuuzi kama ule nikanyamaza.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, magongo ya barafuni huchezwa na watu 6 kila upande, kipa akiwemo, na kati yao 2 ni mabeki. Kabla ya Orr, beki alitakiwa kukaa nyuma, kuwabamiza washambuliaji ukutani na kukiondoa kile kisahani cheusi cha mpira mbele ya goli lake, basi. Orr alikichukua kisahani nyuma ya goli lake mwenyewe na kukipeleka hadi upande wa pili, akiwapita watu kama mtu aliyechelewa basi, kisha akawahi kurudi kukaba. Katika msimu wa 1969-70 alimaliza akiwa na alama 120, yaani magoli na pasi za goli zikijumlishwa, akaongoza NHL nzima, yaani ligi kuu ya mchezo huu ya Marekani na Kanada. Alirudia kuongoza msimu wa 1974-75 kwa alama 135, ambazo 46 kati yake zilikuwa magoli. Hadi leo hakuna beki mwingine aliyewahi kuiongoza ligi hiyo kwa alama. Tuzo ya Norris, ambayo ni ya beki bora, aliichukua miaka 8 mfululizo, kuanzia 1968 hadi 1975. Ile sanamu inaonyesha goli la tarehe 10 Mei 1970, sekunde ya 40 ya muda wa nyongeza dhidi ya St. Louis Blues: alipokea pasi ya Derek Sanderson, akampita kipa Glenn Hall, na beki Noel Picard akamkwatua wakati kisahani kimeshaingia wavuni. Boston walikuwa wamelisubiri Kombe la Stanley, ambalo ndilo la ubingwa wa NHL, kwa miaka 29.

Sasa tuje kwenye magoti, kwa sababu hapo ndipo uongo unapojificha vizuri. Ni kweli goti lake la kushoto lilikufa. Beki wa mchezo huu hutumia muda mwingi akiteleza kinyumenyume huku macho yake yako kwa mshambuliaji, kisha hulazimika kugeuka ghafla kumkimbiza aliyempita, na katika mgeuko huo uzito wote wa mwili huangukia goti moja lililokunjwa huku ubavu wa chuma cha kiatu ukiuma barafu. Orr aligeuka hivyo mara nyingi kuliko beki yeyote wa zama zake, kwa kuwa alipanda na kurudi uwanja mzima, na waliomkabili walijua kabisa ni goti lipi la kulenga. Madaktari wa wakati ule hawakuwa na vile vifaa vyembamba vya leo vya kupenyeza kupitia tundu dogo. Walilipasua goti, wakatoa kipande cha gegedu, wakashona, na mchezaji akarudi barafuni. Alipasuliwa zaidi ya mara 10, hadi mfupa ukawa unasaga mfupa. Hilo nalikubali. Ninalolikataa ni kulisimulia goti kana kwamba lilijisainia mkataba lenyewe.

Orr alizaliwa mwaka 1948 katika mji mdogo wa Parry Sound, Ontario, mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani. Bruins walimfunga kwa karatasi zao akiwa na miaka 14, na miongoni mwa mambo waliyoahidiwa wazazi wake ni nyumba yao kupigwa plasta upya kuta za nje. Hebu fikirieni: kijana aliyekuja kubadilisha mchezo mzima alianza kwa bei iliyojumuisha plasta. Wenye timu za wakati huo hawakutaka hata kumsikia wakili. Mchezaji aliitwa ofisini, akaonyeshwa tarakimu, akasaini. Ndipo baba yake Orr alipomwendea Alan Eagleson, mwanasheria wa Toronto aliyekuwa pia mbunge katika bunge la jimbo la Ontario, na mwaka 1966 mkataba ukasainiwa ndani ya mashua ya bosi wa Bruins, Hap Emms, huko Barrie. Ulikuwa mkubwa kuliko wowote aliowahi kupewa mchezaji anayeanza katika ligi hiyo, na siku hiyo Eagleson alistahili sifa zote. Mimi si mtu wa kumnyima mtu haki yake hata nikimchukia.

Tatizo lilianza palepale aliposifiwa. Majira yale ya baridi wachezaji wa Springfield waligoma dhidi ya mwenye timu yao, Eddie Shore (naye, kwa kejeli ya dunia, alikuwa beki mkubwa wa Boston enzi zake, na alipopata timu yake mwenyewe aliwatesa wachezaji kama manamba), na Eagleson akawasimamia. Mwaka 1967 akawa mkuu wa chama cha wachezaji cha NHL, na akakalia kiti hicho kwa zaidi ya miaka 20. Wakati huohuo aliendelea kuwa wakala wa wachezaji binafsi, Orr akiwa wa kwanza kati yao, na pia akawa mwandaaji wa mashindano ya kimataifa ya Kanada. Yaani mtu mmoja alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi, dalali wa mfanyakazi mmoja mmoja, mwenye hafla, na mgeni wa kudumu kwenye meza za matajiri wenye timu. Bill Wirtz, rais wa Chicago Black Hawks, timu ya familia yake, alikuwa rafiki wa Eagleson. Hapa kwetu hata kwenye kikundi cha kufa na kuzikana mweka hazina haruhusiwi kuwa ndiye muuza sanda.

Tukafika 1976. Mkataba wa Orr na Bruins ulikuwa unakwisha, na msimu uliotangulia alikuwa amecheza mechi 10 tu kwa sababu ya goti. Jeremy Jacobs alikuwa ameinunua Bruins mwaka mmoja nyuma kwa dola milioni 10. Soma polepole hapa, wewe uliyeandika neno tamaa: Boston walimwekea Orr mezani ofa iliyokuwa na umiliki wa asilimia 18.5 ya timu. Kwa bei ya wakati ule hizo ni karibu dola milioni 1.85, na leo, timu hiyo ikiwa inathaminiwa kwa zaidi ya dola bilioni 1, piga mwenyewe hesabu. Orr amesema kwamba jambo hilo hakuwahi kuelezwa na wakala wake. Alichoelezwa ni kwamba Boston hawamtaki tena. Eagleson ameshikilia kwamba alimweleza. Mnaweza kuchagua mtakayemwamini, ila mkumbuke kwamba mmoja wao aliondoka Boston akiwa na majonzi na kwenda timu ya rafiki wa wakala, na mwingine baadaye alikiri udanganyifu mbele ya mahakama za nchi mbili.

Kuna anayesema Orr alikuwa mjinga kwa kutosoma karatasi zake mwenyewe. Kauli hii inaniudhi kuliko ile ya tamaa. Orr alikuwa kijana wa miaka 18 alipompa yule bwana funguo zote: mishahara, kodi, uwekezaji, barua. Alimwona kama kaka. Waswahili walisema ukila na kipofu usimguse mkono, na Eagleson alikuwa fundi wa mlo huo. Kwa miaka zaidi ya 10 alikula sahani moja na Orr na mkono hakuugusa. Kumlaumu kipofu kwamba hakuhesabu minofu ni ukatili mwingine.

Septemba ya mwaka huohuo wa 1976 likachezwa Kombe la Kanada, mashindano ya timu za mataifa, na mwandaaji wake mkuu alikuwa nani? Eagleson. Orr, ambaye mwaka 1972 alikosa ule mfululizo mashuhuri wa mechi za Kanada dhidi ya Wasovieti kwa sababu ya goti, safari hii alitaka kucheza, na lazima niseme kweli kwamba hakuburutwa. Alicheza mechi 7, akapata alama 9 na kutangazwa mchezaji bora wa mashindano, akiwa na mguu mmoja na nusu. Lakini wakala anayejua hali ya goti la mteja wake, na ambaye pia ndiye mwenye hafla, angewezaje kumshauri apumzike? Kinywa kimoja hakiwezi kusema "njoo" na "baki nyumbani" kwa wakati mmoja.

Chicago alicheza mechi 26 tu. Zilikuwa 20 katika msimu wa kwanza, wa pili hakugusa barafu kabisa, na katika wa tatu alicheza 6, kisha Novemba 1978 akastaafu akiwa na umri wa miaka 30. Na huyu "aliyefuata pesa" alikataa kuchukua hundi za mshahara kwa kipindi ambacho hakucheza, kwa maelezo kwamba alilipwa ili acheze, na kama hachezi hastahili. Nionyesheni mwenye tamaa wa namna hiyo. Mechi zake zote za msimu wa kawaida ni 657, magoli 270, pasi za goli 645. Ukumbi wa Mashujaa, unaowaenzi wakubwa wa mchezo huu, ulimwingiza mwaka 1979 bila kungoja ile miaka 3 ya kawaida baada ya kustaafu. Mwaka uliofuata, alipoachana na Eagleson na mahesabu yakafunguliwa, beki bora wa dunia akakuta madeni na kodi vimezidi mali yake yote.

Mwingine ambaye orodha zenu hazimtaji kamwe ni Carl Brewer, beki pia, aliyetwaa Kombe la Stanley na Toronto Maple Leafs mwaka 1962, 1963 na 1964, na ambaye aliwahi kuwa mteja wa Eagleson huyohuyo. Brewer aliuliza swali dogo ambalo kila mstaafu wa nchi yoyote analielewa: ziada ya mfuko wetu wa pensheni imekwenda wapi? Jibu lilikuwa kwamba ziada hiyo ilitumiwa kuwapunguzia wenye timu michango yao. Akaenda mahakamani pamoja na wakongwe kama Gordie Howe na Bobby Hull, na mwaka 1992 jaji wa Ontario akaamua kwamba fedha hizo, takriban dola milioni 40 za Kanada, ni za wachezaji. Wakati chama chao kikilala, wazee wenye viungo vibovu ndio waliolipa mawakili.

Vyombo vikubwa vya habari vya Toronto havikuwa na haraka. Aliyeanza kuyaanika mambo ya Eagleson gazetini mwaka 1991 ni Russ Conway, mwandishi wa michezo wa Eagle-Tribune, gazeti la Lawrence, mji usio mbali na hapa ninapoishi. Januari 1998 Eagleson alikiri makosa ya udanganyifu Boston, kesho yake akakiri mengine Toronto, akapigwa faini ya dola milioni 1 za Kanada na kuhukumiwa miezi 18. Alitumikia takriban miezi 6. Ukumbi wa Mashujaa, uliomwingiza mwaka 1989 kama mjenzi wa mchezo, ulimwachia nafasi yake hadi wakongwe, Orr akiwemo, walipotishia kwamba asipotoka yeye watatoka wao, ndipo akajiuzulu. Na kati ya makosa yote aliyokiri, hakuna hata moja lililohusu ile asilimia 18.5.

Kwa hiyo ndugu uliyeandika yale maneno, sikutukani. Nakuomba urudi kwenye orodha yako, ulifute jina la Orr, na ueleze palepale kwa nini umelifuta, kwa herufi zilezile kubwa ulizotumia kumwaibisha. Na kama una hati yoyote inayoonyesha kwamba Orr alipewa ofa ya Boston akaisoma kwa macho yake kabla ya kusaini Chicago, iweke hapa tuisome sote. Jioni nikishuka kwenye treni nitapita kuangalia.