Naomba ushauri: protini tupu itaoteshaje mfupa uliogoma kuunga?

Muundi
Wakuu, habari za humu. Nilivunjika muundi miezi tisa iliyopita. Nikawekewa chuma, kidonda kikapona vizuri, lakini mfupa wenyewe umegoma. Kwenye eksirei ya juzi ule mstari mweusi bado uko palepale, na nikikanyaga nasikia maumivu kwa ndani. Daktari anataka kunipasua tena: achote mfupa kidogo wa nyonga yangu, auchanganye na unga wa mfupa wa mtu aliyejitolea, ulioondolewa madini. Hapo ndipo nilipokwama. Kwenye huo unga seli hai hazimo, kalsiamu imetolewa, zimebaki protini. Zitaotesha nini? Naogopa kupasuliwa bure.

Fundi Mifupa
Pole sana mkuu. Hizo protini ndizo zenye kazi. Mwaka 1965 daktari mmoja wa Marekani, Marshall Urist, alieleza jinsi alivyouondoa mfupa madini kwa asidi na kuupandikiza kwenye misuli ya wanyama. Mfupa mpya ukaota humo humo, katikati ya nyama! Ndani ya kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazobaki madini yakitoka, mlikuwa na protini ambazo baadaye aliziita BMP. Hizo huziamuru seli changa za jirani zigeuke kuwa seli za kujenga mfupa. Madini yakiwemo, zimefungiwa. Asidi huzifungulia mlango.

Na mwili wako hufanya hivyo kila siku. Seli zinazomung'unya mfupa mkuukuu huachia protini nyingine, TGF-beta, iliyokuwa imehifadhiwa humo, nayo huwaita wajenzi waje pale palipochimbwa. Mbomoaji ndiye anayemwita fundi. Mimi jambo hili hunisisimua kila nikilifikiria.

Mama Watatu
Ila si kila protini inasukuma mbele. Iko sklerostini, inayotolewa na seli zilizozikwa ndani ya mfupa wenyewe. Hiyo ni breki. Mfupa ukibeba uzito, sklerostini hupungua na ujenzi huendelea. Kwa hiyo muulize daktari uanze lini kukanyaga na kwa uzito gani. Usijipangie.

Paja la Kushoto
Nilifanyiwa hiyo hiyo. Nyonga iliniuma kuliko paja, jiandae. Mwezi wa tatu picha ilionyesha kama wingu jeupe limeziba ufa. Nililia mbele ya daktari.

Fundi Mifupa
Niongeze: unga hauwezi kuutuliza mfupa unaocheza. Pale pakitikisika, au pakiwa na maambukizi, au damu haifiki, BMP zitaita na hakuna atakayekuja. Hiyo ya nyonga inakuletea seli hai, usiikatae kwa kuogopa kovu. Na kama unavuta sigara, acha leo.

Muundi
Asanteni sana, sasa nimeelewa. Sigara sivuti. Ila hapo kwenye kucheza… skrubu moja ya chini kwenye picha inaonekana imekatika. Nilidhani ni kawaida, sikuuliza.

Fundi Mifupa
Mkuu, kesho anza na hiyo skrubu. Habari za unga zitafuata.