Pleya ya mfukoni kwenye redio kubwa ya nyumbani: waya, Bluetooth, FM au bodi ya USB?

Mgebuka_Mkavu (Mwanga, Kigoma)
Wakuu, habari za jioni. Mzee amehamia shambani Kasulu, mashine yake ya muziki kaniachia mimi: amplifaya ya Kijapani ya zamani, deki ya kaseti na spika mbili za mbao zinazonifika kiunoni. Haina tundu la USB, haina Bluetooth. Nyuma imeandikwa PHONO, TUNER, CD na TAPE. AUX, ule mlango wa kuchomeka kifaa chochote, haipo kabisa. Upande wangu nina iPod classic, pleya ya mfukoni ya Apple, iliyojaa rumba na muziki wa dansi wa zamani, pamoja na simu ya Android isiyo na tundu la hedifoni.

Mjini nimeoneshwa waya wa pini ya hedifoni unaogawanyika kuwa nyekundu na nyeupe, kipokezi cha Bluetooth, kile kirusha FM cha kwenye magari, na kaseti yenye waya. Kuna fundi naye anataka kung'oa deki yote afunge bodi ya USB kwenye uwazi wake. Nataka sauti nzuri kwanza, urahisi baadaye. Mnashauri ipi?

Embe_Dodo (Tabora)
Uza hilo dude, nunua sabufa mpya yenye kila kitu. Linakula umeme bure.

Mgebuka_Mkavu
Kaka, mzee akisikia nimeuza itabidi nihame mkoa.

Fundi_wa_Kanyenye (Tabora)
Usiuze kitu kijana, na hiyo AUX isikunyime usingizi. CD, TUNER, TAPE na AUX ni milango ya aina moja ndani ya amplifaya. Majina yamewekwa ili mtu akumbuke kachomeka nini wapi. Chomeka pleya kwenye CD, zungusha kitufe kielekee CD, kazi imekwisha. Nyekundu ni kulia, nyeupe ni kushoto.

Mlango wa kuukimbia ni PHONO. Ule ni wa sindano ya santuri, ambayo hutoa milivolti chache tu, kwa hiyo ndani yake kuna sakiti inayokuza sauti kama mara 100 kabla ya kuipeleka mbele. Tena inapandisha besi na kushusha sauti nyembamba, kwa sababu santuri hurekodiwa kwa mpangilio wa kinyume chake. Ukiingiza humo sauti ya iPod, utapata besi iliyovimba na kila kitu kinakwaruza. Watu wameniletea amplifaya nzima wakisema "imeungua", kumbe waya tu umekaa PHONO.

Ukitumia TAPE angalia vizuri, kuna jozi mbili za matundu. Iliyoandikwa PLAY au IN ndiyo inayopokea. Ya REC au OUT inatoa sauti kwenda kurekodiwa kwenye deki, ukichomeka huko utakaa kimya mpaka asubuhi.

Sasa sauti. Pleya ya CD ya nyumbani hutoa kama volti 2 inapofika juu. Tundu la hedifoni la pleya nyingi ni volti 1 au pungufu. Ndiyo maana watu wanalalamika "ukiweka waya redio inaimba kwa unyonge". Haina ugonjwa. Weka sauti ya pleya juu, karibu na mwisho, halafu kazi ya kuongeza na kupunguza ifanywe na amplifaya. Ukifanya kinyume, yaani pleya chini na amplifaya juu, unakuza na ule mvumo mwembamba wa nyuma ya muziki. Kama pleya ina vikorombwezo vya kuongeza besi, zima vyote, amplifaya yako ina vyake na ni bora zaidi.

Na kabla ya kuchomoa pini, shusha sauti ya amplifaya mpaka chini. Pini ile inapoteleza inagusanisha vyuma vyake, spika inapiga mshindo. Spika ndogo za juu hufa kwa mishindo ya namna hiyo.

Asali_ya_Miombo (Urambo)
Fundi kamaliza. Naongeza moja tu kuhusu iPod. Classic ina ule mdomo mpana wa chini wenye pini 30. Mle mna njia ya sauti iitwayo LINE OUT ambayo haipiti kwenye kikuza sauti cha hedifoni wala kwenye kitufe cha volyumu. Ukipata waya wa mdomo huo unaotoka na nyekundu na nyeupe, unapata sauti safi zaidi, na kiwango chake hakibadiliki hata ukizungusha gurudumu. Tundu la hedifoni la juu hulegea kwa matumizi, huu wa chini unakaa imara. Kwa swali la "sauti nzuri kwanza", mimi naweka huu namba moja.

Tatizo ni kuupata. Madukani kwetu wamebaki na nyaya za kuchaji tu. Wengi waliutoa Dar wakatumiwa kwa basi.

Mama_Wawili (Gungu, Kigoma)
Jamani mnaongea kama nyumba ina mtu mmoja. Kwangu baba watoto aliweka waya, ikawa kila anayetaka kubadili wimbo lazima asimame, na simu imefungwa pale kabatini na huo waya. Mgeni akija na nyimbo zake, waya haumfai. Tukanunua kipokezi kidogo cha Bluetooth, kinachomekwa kwenye TAPE, umeme wake ni wa chaja ya kawaida ya USB. Mimi nipo jikoni naosha vyombo na simu iko mfukoni, nabadili wimbo hukohuko.

Kasoro zake nazijua. Kuta zetu za tofali za kuchoma, nikifika uani sauti inakatika. Wanasema mita 10, hizo ni mita za mahali pasipo ukuta. Na kila ujumbe wa WhatsApp unalia kwenye spika kubwa kama simu haijazimwa milio. Siku za wageni natumia simu ya zamani isiyo na laini.

Mgebuka_Mkavu
Asante sana mama. Na sauti yenyewe ikoje ukilinganisha na waya? Wengine wanasema Bluetooth inaua muziki.

Mama_Wawili
Mimi sisikii tofauti, mwanangu. Mwulize Fundi mwenye masikio ya popo.

Fundi_wa_Kanyenye
Tofauti ipo, ila si kama inavyotangazwa. Bluetooth inabana muziki upya kabla ya kuurusha. Mfumo wa msingi wa kubana ambao kila kifaa kinao ni SBC, na kwa kawaida unafika kama kilobiti 328 kwa sekunde, yaani kiasi cha data ya sauti kinachopita kila sekunde. Kuna LDAC ya Sony inayofika 990, lakini lazima simu na kipokezi vyote viwe nayo, na vipokezi vya bei ya chini havina. Kumbuka pia iPod classic haina Bluetooth kabisa. Kwa hiyo kipokezi kitakusaidia kwa simu tu.

Asali_ya_Miombo
Hapa ndipo nataka kuwabishia wote wawili. Tunabishana waya au Bluetooth wakati nyimbo zenyewe ni mbovu. Muziki wa CD unakwenda kilobiti 1,411 kwa sekunde. Nyimbo tunazowekewa kwenye memori kadi vibandani nyingi ni MP3 za 128, nyingine zimetolewa kwenye video na kubanwa mara ya pili, mara ya tatu. Kwenye spika ya simu huwezi kujua. Zipeleke kwenye spika za mbao kama za mzee wa Mgebuka, utasikia matoazi yanalia "shwaa" kama mvua kwenye bati. Hapo mtu anaanza kulaumu waya.

Jaribu hivi: chukua wimbo mmoja unaoujua vizuri, uwe nao wa 320 au uliotolewa moja kwa moja kwenye CD, usikilize kwa waya, kisha kwa Bluetooth. Halafu usikilize wimbo huohuo wa 128. Pengo kati ya faili nzuri na faili mbovu ni kubwa kuliko pengo kati ya waya na Bluetooth. Mimi nina kanda za zamani za Tabora Jazz nilizohamisha mwenyewe kutoka kaseti, na zinapendeza kuliko nakala nyingi zinazozunguka kwenye simu za watu.

Angalizo kwa mwenye iPod: haisomi FLAC, zile faili za muziki zilizobanwa bila kupoteza ubora. Igeuze kuwa ALAC, aina kama hiyo ya Apple, kwanza kwenye kompyuta, ubora unabaki uleule.

Konda_wa_Ujiji
Kuhusu kirusha FM: faida ni kwamba huchomeki kitu kwenye redio. Basi, faida zimeisha. Redio ya FM hata ya kituo kikubwa hairushi sauti nyembamba kupita kama kilohezi 15, na hicho kifaa ni kidogo sana. Halafu lazima utafute nafasi iliyo wazi kati ya 87.5 na 108, na sisi huku vituo vya ng'ambo ya mpaka vinaingia. Uko katikati ya rumba, anaingia mtangazaji wa Burundi kusoma matangazo ya vifo. Acha kikae kwenye gari.

Kaseti yenye waya ni bora kidogo, ila inategemea kichwa cha deki ni kisafi kiasi gani, na mvumo wa kaseti unabaki. Wewe una tundu la CD liko wazi, kaseti ya nini?

Mgebuka_Mkavu
Hizo mbili nimeziondoa. Na bodi ya USB ya yule fundi?

Fundi_wa_Kanyenye
Zile bodi zenye rimoti na namba nyekundu nazifunga kila wiki, siwezi kuzitukana, zinanilisha. Kwa redio ambayo deki imekufa na mwenyewe anataka kuchomeka flashi tu, ni sawa. Kwa mashine yako nakataa.

Kwanza, fundi akivuta umeme wa bodi kutoka kwenye transfoma ya amplifaya bila kuuchuja vizuri, ile sakiti ya kushusha volti itaingiza mlio mwembamba kwenye spika, unausikia wimbo unapotulia. Pili, uwazi wa deki ukishakatwa haurudi. Mzee akitaka kucheza kaseti zake utamweleza nini? Tatu, bodi nyingi husoma kadi zilizopangwa kwa mfumo wa FAT32 tu. Memori kadi zinazozidi GB 32 huja na exFAT, unachomeka, kioo kinaandika ERROR, unaanza kugombana na muuzaji. Unaoupata ni urahisi wa rimoti, na huo kipokezi cha Mama Wawili kinakupa bila bisibisi.

Mgebuka_Mkavu
Wakuu narudi na mrejesho. Nimeunga iPod kwa waya wa kawaida wa hedifoni kwenye CD wakati nasubiri ule wa pini 30. Mashallah, sikujua spika hizi zina sauti hii. Simu nayo nimeiunga TAPE kwa adapta ya USB-C, lakini nikiichaji huku inaimba kunatokea muungurumo mzito "nnnnn", hata nikisimamisha wimbo. Nikichomoa chaja unatoweka. Deki imeharibika?

Fundi_wa_Kanyenye
Deki haihusiki kabisa. Huo ni umeme wa ukutani, hezi 50, umepata njia ya pili ya kuzunguka: unatoka kwenye chaja, unapita kwenye simu, unaingia kwenye waya wa sauti mpaka kwenye amplifaya. Chaja za pini mbili za bei ya chini huvujisha kidogo, na waya wa sauti ndio unaobeba uvujaji huo. Chaji kwa pawabenki wakati wa kusikiliza, au tafuta kile kikopo kidogo chenye vitransfoma viwili ndani kinachokaa katikati ya waya wa sauti. Kinakata njia hiyo bila kukata muziki.

Kama una king'amuzi cha dishi kimeungwa kwenye amplifaya hiyohiyo, nacho huleta muungurumo kupitia waya wa dishi uliogusa ardhi. Chomoa kimoja kimoja mpaka ukijue. Ila mtu asikudanganye ukate pini ya ardhi ya plagi. Na kama siku moja muungurumo utabaki hata ukichomoa vyote, basi hapo kapasita za amplifaya zimezeeka, ndipo umtafute fundi.

Konda_wa_Ujiji
Tena kwa hizo adapta za USB-C muwe macho. Nyingine zina kigeuza sauti ndani, nyingine ni waya mtupu unaotegemea simu itoe sauti yenyewe, na simu nyingi hazitoi. Zinafanana kwa sura na bei. Jaribu dukani na simu yako mkononi kabla hujalipa.

Mama_Wawili
Si ungenunua kipokezi tu, simu ichaji popote inapotaka?

Mgebuka_Mkavu
Ndiko ninakoelekea, mama. iPod ibaki CD kwa waya, ni yangu ya kusikiliza nikiwa nimekaa. Kipokezi kiende TAPE kwa ajili ya simu na wageni. Ila deki ya mzee ndiyo iliyokuwa kwenye TAPE. Naihamishia wapi?

Fundi_wa_Kanyenye
Redio ya pembeni unayo?

Mgebuka_Mkavu
Sina, TUNER iko tupu.

Fundi_wa_Kanyenye
Basi kipokezi kiweke TUNER, deki iache mahali pake pa TAPE ili iendelee kurekodi pia. Bandika kipande cha plasta juu ya kitufe uandike SIMU.

Embe_Dodo
Haya nimekaa kimya nasoma. Fundi, hapo Kanyenye mtu akikuletea amplifaya ya baba mkwe isiyotoa sauti upande mmoja, unatoza kiasi gani kuangalia?

Fundi_wa_Kanyenye
Ewe wa sabufa! Kabla ya kuleta, badilishana nyekundu na nyeupe kule nyuma. Ukimya ukihamia spika ya pili, ubovu uko kwenye waya au pleya, nunua waya. Ukibaki upande uleule, ilete Jumatatu, na spika zake uje nazo.